Kapu la Michembe na Kopo la Mtu Asiye na Kichwa

Mpendwa Shangazi,

Kuanzia Tinde mpaka Kahama hajazaliwa kijana mwenye kifua kama changu. Juzi nimekatiza mnadani nimevaa singlendi, mnunuzi mmoja mgeni akamuuliza mwenzake yule naye anauzwa bei gani. Mafahali waliponiona wakatazama chini. Mlangoni siku hizi napita ubavu, na mlango wenyewe si mwembamba.

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa kuwa wewe huwezi tena, na mtu wa kifua hiki hawezi kuishi na salamu isiyojibiwa.

Najua ungesema nini. "Maganga, ng'wanawane, mwanangu, mdomo wako ungekuwa ndiyo ngumi, ungekuwa bingwa wa dunia." Ulinipa hiyo siku naondoka Ngokolo kwenda Kahama, asubuhi kubeba magunia kwenye mashine ya mpunga, jioni kujifunza ngumi. Shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili, tukaachana kwa amani. Ukanishika mkono hapa juu ya kiwiko, kama unavyompima mbuzi, ukasikitika. "Mfupa mtupu. Nitakulisha huko huko."

Na kweli. Ukawatoa mbuzi wako watatu ukapewa ng'ombe mmoja wa maziwa, mwenye pembe moja, ukamwita Bahati. Mimi nikasema hiyo pembe ya pili ndiyo iliyokuwa na bahati, imeondoka zake. Ulinikatia simu.

Tangu hapo kila Ijumaa konda wa basi la asubuhi alinishushia kapu lako: michembe ya viazi vitamu vilivyoanikwa, karanga za kukaanga, na dumu la maziwa ya mgando. Mdomo wa kapu ulikuwa umefungwa kwa kipande cha khanga yako kuukuu. Vile vipande sikutupa hata kimoja. Niliviunga kwa sindano nikapata bandeji za kufunga mikono kabla ya kuvaa glovu. Wenzangu walicheka maua yake mpaka wakachoka.

Sasa Shangazi, nisaidie, maana nimechanganyikiwa. Misuli inatoka wapi hasa? Kocha anasema mayai sita mabichi na ugali usiuguse. Mpiga debe mmoja wa stendi, anayenyanyua vyuma na sisi, anasema ugali ndiyo wenyewe, mayai ni ya wagonjwa. Kwenye simu niliona jamaa mmoja mwenye mgongo kama mlango wa ghala, anakula kuku bila chumvi mara sita kwa siku. Nilijaribu mara moja tu, nikaelewa kwa nini hacheki.

Halafu kulikuwa na kopo la Deo. Deo nilikuwa naishi naye chumba kimoja, kijana wa Kasulu, naye bondia, mwembamba kama mti wa kuangulia embe. Kaka yake anachimba dhahabu Geita, akawa anamletea kopo la unga wa kujenga mwili. Juu ya kopo kuna picha ya mtu asiye na kichwa, kifua tu. Maandishi yake ni madogo, na mimi na maandishi madogo hatujawahi kuelewana. Nilitazama picha, nikaridhika.

Deo unga ulimshinda, tumbo lilikataa. Ijumaa ile ya kwanza kapu lako lilipofika, hata sijalifungua, akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Maganga, tubadilishane. Wewe unataka unga, mimi nataka kula."

"Kapu zima?"

"Kapu zima, unga wote wa wiki wako."

Nilimwona mjinga, Shangazi. Nilimwonea na huruma kidogo. Mtu anaacha kitu cha kisasa, kimetoka kiwandani, anachukua viazi vilivyoanikwa juu ya paa Ngokolo.

Nikaanza kunywa. Mkono nilikuwa naupima kwa kamba ya kiatu, nafunga fundo pale inapofikia. Fundo likasogea, likasogea tena. Na uso nao ukajaa, nikadhani hata mashavu yana misuli yake. Ila tumbo lilikuwa linaongea peke yake kama redio ya kinyozi, na nikibeba gunia la tano nalitua njiani mara mbili. Nikasema ndiyo misuli inaota hiyo.

Kitu nilichochelewa kukiona ni Deo. Ule mti wa kuangulia embe ulikuwa unavaa nyama. Siku moja kocha akatupandisha kwenye mizani, akatukodolea macho. "Nyie sasa ni uzito mmoja. Mtapigana. Atakayeshinda ndiye atakayeenda Mwanza."

Jumamosi ile ulikuja mwenyewe, umevaa kitenge cha harusi, ukakaa mstari wa mbele kama mke wa diwani. Uliponiona nafunga mikono ulimgonga mwanamke wa pembeni yako, ukamwambia, "Hiyo khanga yangu." Raundi ya kwanza niliimudu, wewe shahidi. Ya pili tumbo liliunguruma mpaka refa akageuka, na hapo hapo Deo akanipiga ngumi ya mbavu. Watu wanasema nilianguka. Sikuanguka, nilikaa. Refa akahesabu nikiwa nimekaa.

Ulinifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Unakula, lakini?"

"Nakula, Shangazi."

"Michembe inafika?"

"Inafika yote."

Ukamtazama Deo kule kwenye kona yake. "Mwone yule. Kwao kuna mtu anamlisha kwa moyo. Mimi sijui nakosea wapi."

Deo aliinamia kamba za viatu vyake akawa anazifunga upya. Mimi nilicheka. Mpaka leo sijui kile kicheko kilitoka wapi.

Ijumaa iliyofuata yakaja madumu mawili badala ya moja. Mtu mwenye akili hapo angekula. Mimi nilikuwa nataka marudiano, nikaona dawa ni kuongeza vijiko. Kapu likabaki kwa Deo, na madumu yake yote mawili.

Wiki ya kwanza ya masika nikapigiwa simu nije Ngokolo kukuzika. Daktari alisema presha. Mama Neema, jirani yako, alinivuta pembeni ya turubai akasema, "Presha gani. Maziwa ya Bahati yote alikuwa anakufungia wewe, yeye anakunywa uji wa chumvi. Nikimsema, ananijibu, 'Mimi sipigani na mtu.'" Nani mkweli kati yao, sijui. Nikiwa kazini namwamini daktari. Nikikaa peke yangu namwamini Mama Neema.

Unga nimeuacha. Wiki mbili tu, kamba ya kiatu ikarudi mafundo mawili, kwa hiyo kile kifua cha mwanzo wa barua kipunguze kidogo. Kopo nililipeleka duka la dawa, dada akaligeuza, akaligeuza, akasema halina jina la aliyelitengeneza, hata yeye hajui ni kitu gani. Angalau tumekuwa wawili. Nikanunua michembe sokoni nikaichemsha, ikawa migumu kama vigae. Kumbe sijui hata inakaa jikoni muda gani.

Deo alienda Mwanza, akashinda. Aliporudi alinikuta nafunga bandeji, akasema taratibu, "Mwambie Shangazi asante." Alijua umeshazikwa. Nimekuambia.

Ijumaa jioni ulikuwa unapiga simu, "Maziwa ya leo yalikuwaje?" Nami najibu upesi, "Matamu, Shangazi, hujakosea." Pumzika, mama yangu wa pili. Kupigwa mbele yako si kitu, nitapigwa tena. Kilichoharibika ni kimoja. Bahati ulimleta mimi nikiwa nimeshaondoka, kisha ulipotutoka mjomba akampeleka kijijini, maziwa yakakauka. Deo anajua yalikuwaje. Mimi sikuyaonja hata siku moja.

Mtoto wa kaka yako,
Maganga