Mkeka Mlangoni kwa Fundi

Mjukuu wangu Saumu,

Marahaba. Sisi huku Mambrui wazima, ila babu yako ameng'olewa jino na anataka apewe pole mpaka na mbuzi.

Waniuliza kama mlitangaze jina la jirani mnayemshuku kuwa anawaharibu watoto. Miaka ya themanini, mimi msichana, mtoto mmoja aligoma kwenda kupimwa nguo ya Idi kwa Fundi Athumani. Wanawake wakataka fundi atangazwe msikitini. Shangazi yangu akasema, "Na kama si yeye?" Akampeleka mtoto na mamake polisi Malindi. Sisi tukatandika mkeka mlangoni kwa fundi, tukawa twasuka ukili wa mikeka. Mtoto yeyote akipimwa, mmoja wetu kashika ncha ya futi. Fundi akienda chooni, twamuuliza atarudi saa ngapi. Jirani yake muuza kahawa alitusifu sana, akatuletea vikombe bure.

Polisi walipokuja, walimchukua muuza kahawa. Kumbe yule mtoto aliyegoma alikuwa akiogopa kupita mlangoni pake njiani kwenda kwa fundi.

Basi mpelekeni huyo mtoto wa hapo kwenu polisi leo hii, na wenzake msiwaache peke yao. Jina liacheni kwanza. Fundi alitusamehe, lakini nguo zetu za Idi zote zilitubana. Tulizifumua, tukazishona upya. Jina lake je, tungelifumua vipi?

Bibi yako,
Mwanakombo