Leso Juu ya Mgunga

Noonkopir, Kitengela
7 Machi 1999

Kwa kaka yangu Sydney,

Ni mimi niliyetundika leso ya mama juu ya mgunga. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata mama, hata mdogo wetu Shirleen ninayelala naye kitanda kimoja. Nimeanza na hilo kwa sababu ninajijua: nikianza na salamu, nitakusalimu mpaka karatasi iishe na hilo nitakuwa sijalisema.

Sasa nikusalimu vizuri. Hujambo, kaka? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko chuoni? Sisi kiafya hatujambo. Mama anakusalimu na kukukumbusha kwamba sweta si ya kufungia vitabu. Shirleen ameng'oka jino la mbele na anataka ulijue hilo kabla ya habari nyingine. Matokeo yangu yametoka, nimepita, na Jiografia nimepata A. Mwalimu Musila alinishika mkono mbele ya watu nikatamani ardhi inimeze. Baba yeye alisema Jiografia haijengi nyumba.

Ni kweli, haijengi. Lakini ingetuzuia kujenga pale.

Nitakueleza hata yale unayoyajua, kwa kuwa najua uliyasikia kwa baba, na baba huyasimulia kana kwamba alikuwa anapita tu njiani. Unakumbuka siku alipotupeleka kuiona ploti, nikiwa kidato cha pili. Wewe ulishika kamba ya kupimia. Palikuwa na bonde jembamba lenye mchanga mweupe safi, na baba akafurahi kwamba mchanga wa kujengea tumepewa bure. Mimi nikasema, kwa ile sauti yangu ambayo mnasema ni ya panya, kwamba kwenye ramani ya shule pale pana mstari wa buluu wa vipande vipande, na maana yake ni mto wa msimu. Baba alicheka. Alisema yeye amezaliwa Bungoma, ameoga Kuywa na Nzoia, mto anaujua, na mto usio na maji ni barabara. Mzee Sankale alipomwambia pia asijenge hapo, baba alitunong'oneza kwamba Mmaasai analinda malisho yake. Soila bintiye, ambaye tulikuwa darasa moja, aliniuliza shuleni kama ni kweli tumenunua mlango wa mto. Akasema basi tusisahau sabuni. Darasa zima lilicheka na mimi nikacheka nao, kwa sababu sikujua kufanya jambo jingine.

Siku ya mafuriko hukuwepo. Watu wakisema El Nino wanafikiri ilitunyeshea, lakini mchana ule kwetu hakukuwa na tone. Mama alikuwa ameanika nguo. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Isinya, mbali, na tulichosikia ni mngurumo kama lori la mawe linaloshuka. Kisha maji mekundu yakaja na miti ndani yake. Mama alimrusha Shirleen juu ya mabati, akanisukuma mimi, akapanda mwenyewe akiwa na kiatu kimoja. Mzee Sankale na vijana wake walitutoa kwa kamba za kufungia ng'ombe, ukuta wa nyuma ukiwa umeshaondoka.

Tulipokaa ukingoni, nilifanya jambo la ajabu, nikaanza kulifuata akilini sanduku la mama lililosombwa na maji. Kijito chetu kisicho na jina kinaingia mto Kitengela. Kitengela unakutana na Mbagathi unaotoka Ngong, na kuanzia hapo unaitwa Athi. Stony Athi unajiunga, halafu mto Nairobi unaleta uchafu wake wote. Unapita maporomoko ya Kumi na Nne karibu na Thika, unageuka kusini, unaambaa na Yatta nchi yote ya Ukambani, unapokea Tsavo unaobeba maji ya Kilimanjaro. Unabadilishwa jina ukaitwa Galana, tena Sabaki, na karibu na Malindi unaingia baharini. Niliyaandika hayo yote kwenye mtihani mwaka jana, na katika kila tawi nililolitaja nililiona sanduku la mama likipita na vyeti vyetu vya ubatizo. Hiyo ndiyo A yangu.

Sasa nifike kwa lililonikasirisha. Hasira hii ninayo tangu Januari na haijapungua, kaka, inanipanda hata nikichambua mchicha.

Baba alitoa ushuhuda kanisani. Alisimama akaeleza jinsi Mungu alivyotutoa katika maji mengi, akalia, na watu wakalia naye. Ibada ilipokwisha, machozi hayajakauka, alimvuta Anti Florence kando akamwambia ana ploti nzuri, mchanga wa kujengea upo papo hapo. Unamjua Anti Florence wa umoja wa akina mama, ambaye mumewe anafanya kazi Eldoret. Ana mapacha wasiofika hata miaka mitatu. Yeye alihamia hapa baada ya mafuriko. Alijua tulisombwa na maji, lakini hakujua ni wapi, na baba hakumwambia.

Jumatatu yake baba alitupeleka mimi na mama kusafisha. Misingi ya nyumba tuliifukia kwa mchanga. Halafu akaangalia juu. Ile migunga ya ukingoni ilikuwa bado imeshika takataka za mafuriko, nyasi kavu, matambara, karatasi za nailoni, zote zikiwa zimepita kichwa cha mtu mrefu. Akasema mimi ni mwepesi, nipande nizitoe, zichomwe. Mama alikuwa anatazama chini. Nilipomtazama alisema tu kwamba baba yenu ndiye mwenye nyumba. Nyumba gani, kaka? Nilitaka kuuliza kwa sauti. Nilipanda.

Kwenye tawi la juu kabisa nilikuta leso ya mama, ile ya kijani yenye njiwa ambayo akina mama wa umoja wote wanayo. Ilikuwa imechanika pembe moja. Niliisokota nikaiweka ndani ya nguo yangu, nikashuka, nikasimama na baba tukiangalia moto. Alinisifu. Alisema mimi ni mtoto anayesikia.

Siku Anti Florence alipokuwa aje kuiona ploti, niliamka mapema nikasema naenda kutafuta kuni. Nilipanda ule mgunga tena. Miiba ilinichana mikono mpaka leo ninavaa nguo ya mikono mirefu. Niliifunga leso kwenye tawi lile lile, wala si juu zaidi wala chini zaidi, nikarudi na kuni kidogo tu, na mama akanigombeza kwa uvivu.

Baba alitaka niende nao nibebe maji ya kunywa. Alikuwa anaonyesha sebule itakapokuwa, anapiga hatua kama anacheza ngoma, na Anti Florence anaitikia, anatabasamu. Kisha akaacha kuitikia. Alikuwa anatazama juu. Aliivuta leso yake mwenyewe mabegani, akaiangalia, akaangalia ile ya mtini. Akauliza kwa upole nani ameitundika pale juu.

Baba alifungua mdomo. Sijawahi kumwona hivyo, uso ulikuwa kama jivu. Akasema huenda ni upepo.

Anti Florence anatoka Bunyala, kaka. Kila mwaka mto Nzoia ukivunja kingo wao hulala juu ya tuta na mbuzi wao. Ni mto ule ule ambao baba anajivunia kuoga, ila wao wako chini kabisa, unakomwagikia. Alimwambia, "Baba Sydney, kwetu nguo ikiwa juu ya mti hatuulizi upepo." Halafu akaniomba maji, akanywa yote, akanirudishia kikombe na kusema asante mwanangu. Akaondoka kwa miguu mpaka barabara ya Namanga. Hakuaga.

Najua ulimwandikia baba kwamba auze tusonge mbele. Barua yako alitusomea mezani. Najua pia ya kwamba karo yako ya muhula wa mwisho ingetoka hapo. Kwa hiyo mtu niliyemkosesha ni wewe, na ndiye pekee ninayemwambia. Nimekukasirikia pia, Sydney. Wewe uliishika kamba, uliuona mchanga ule. Lakini Mzee Sankale alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha watoto wa wadogo zake kusoma, Soila amenipeleka, na nimeanza. Nitakachopata kitakuja kwako. Ninamfundisha kila mtoto mstari wa buluu wa vipande vipande kabla ya herufi nyingine yoyote.

Mama amekutengea kunde kavu, utazikuta Pasaka. Shirleen anasema umletee penseli ya rangi, lakini mvua ikigonga mabati bado anapanda juu ya meza, kwa hiyo njoo kabla ya masika ukiweza.

Na leso, nakuomba, ife na wewe. Si kwamba ninaogopa kuchapwa. Baba alichoma takataka zile kwa mkono wake na anajua hakubakisha kitu. Anaamini mto ndio ulioirudisha. Tangu siku ile hajaitaja ploti kwa mtu yeyote, na akipita karibu na ule mgunga anazunguka mbali. Akijua ni Nelima tu aliyepanda mti, ataacha kuuogopa mto, na Jumapili ijayo atamvuta mtu mwingine kando.

Mwache auogope.

Ni mimi mdogo wako,
Nelima Wangila