Baba, Siku Hizi Matope Tunachanganya kwa Karai

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo hati ikipinda usinilaumu. Shule niliacha darasa la saba, na ni wewe uliyenipeleka kwa fundi wa malori. Sijuti. Nimeendesha lori mpaka Goma, nimekula samaki Kigali, nimetukanwa kwa lugha sita na zote nikazijibu. Hapa Matisi, mjini Kitale, hakuna dereva wa kunifikia. Lakini wiki jana nilikwenda nyumbani Bokoli, nikashindwa na karai la udongo.

Unakumbuka kinamasi chetu kule chini ya boma? Kila mwaka korongo wenye taji walijenga kiota katikati ya matete, nawe ukapiga marufuku panga mpaka vifaranga watoke. Siku moja nilipiga mluzi karibu nao, ukanishika sikio: "Wewe na huo mdomo! Huoni mama amelalia mayai? Siku mke wako akizaa, nitakuja kumpulizia baragumu!" Nilicheka mpaka na wewe ukacheka.

Na alfajiri ya tohara yangu, ulisimama kando ya kinamasi hicho nikipakwa matope kichwa mpaka miguu, kama ulivyopakwa wewe, na babu kabla yako. Yalikuwa baridi, Baba, baridi ya kunyamazisha hata mtu kama mimi. Korongo walitoka kwa matete wakatutazama kama majirani walioalikwa. Uliniambia tu, "Usipepese jicho." Sikupepesa. Mpaka leo natamba nalo kila mahali, hata kwa watu wasioniuliza.

Tangu tukuzike, kaka Wafula amepasua mfereji wa kukausha kinamasi na kupanda mikaratusi, ati nguzo za stima zinatafutwa. Ile miti inakunywa maji kama walevi wa mwisho wa mwezi. Majirani nao wamelima mahindi mpaka pale tulipokuwa tunazama magoti. Korongo walipofukua mbegu, mtu akatia sumu. Nilimkuta mmoja amelala shambani, taji limejaa vumbi, watoto wakigombania manyoya. Nikamfunika na koti langu la ngozi, lile la Kampala. Watu wakasema nimerogwa.

Basi wiki jana ilikuwa zamu ya Simiyu, mtoto wa Wafula, kutahiriwa. Alfajiri tulishuka tukiimba, mimi mbele, sauti yangu unaijua. Kufika pale, ardhi imepasuka. Wimbo ukatufia mdomoni. Wafula akaagiza mtungi wa maji ya bomba, akaanza kukoroga udongo kwa karai la fundi wa mjengo.

Shangazi, yule dada yako mdogo, akamuuliza, "Wafula, unakandika nyumba ama unapasha mtoto tohara?"

"Si ni matope tu, Shangazi? Udongo ni udongo."

"Basi tia simiti bana, adumu."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Lakini Simiyu alisimama pale akichuruzika maji mekundu, udongo ukikataa kumshika, akanitazama. Mimi, mjuaji wa kila kitu.

Imebaki kona moja tu yenye maji, ile uliyonigawia mimi. Korongo wawili wana kiota hapo, nimewaona kwa macho yangu. Kesho kutwa Wafula anataka kupitisha mfereji papo hapo. Nilimpigia simu: "Kaka, hiyo acha." Akanijibu, "Wewe uko Matisi unalima lami. Ndege atanilipia karo?"

Na kweli, Baba. Hiyo miti ndiyo inasomesha watoto wake. Na ni yeye aliyekuuguza mimi nikiwa barabarani. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaniudhi kabisa: hakuna mtu mbaya wa kupiga ngumi. Kila mmoja amechukua kidogo tu, na kidogo chao kimemaliza kila kitu.

Kesho kutwa nitafika kabla ya majembe. Nitaweka kiti chako kwenye mstari waliopima, nikae, maji yanifike kwa vifundo vya miguu. Mke wangu ameuliza, "Na wakikuchimba wewe pia?" Nimemwambia watachoka, mimi ni mnene.

Kusema kweli, sijui nitamwambia nini kaka yangu akisimama mbele yangu na jembe. Kumpiga sitaki. Kuondoka sitaki. Labda nitamsogezea kiti cha pili.

Pumzika, Baba. Usipotusikia tukigombana siku hiyo, ujue amekaa.

Ni mimi,
kitindamimba wako.