Folda ya Toleo la Nne

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo na kazi? Mgongo je, umepata nafuu? Sisi huku wazima, mama naye ameanza kupanda ngazi bila kushikwa.

Nakuandikia kuhusu programu yako ya kupanga zamu za wauguzi. Nimejaribu kuifungasha, yaani kuiandaa iingie kwenye toleo jipya la Linux yetu, ule mfumo wa kompyuta tunaoutoa bure, ikagoma. Faili ulilobana na kuliweka mtandaoni limeandikwa toleo la nne, lakini nikilifungua, folda ya ndani ina jina jingine kabisa. Mashine inatafuta folda yenye jina la programu na namba yake. Isipoiona, inasimama hapo hapo. Nirekebishie tafadhali. Tunafunga toleo letu Ijumaa tarehe 20, na kitakachobaki nje kitabaki nje mwaka mzima.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata. Mgongo ndio huo huo, asante kwa kuuliza.

Yaani mtaalamu mzima unashindwa na folda? Ongeza mstari mmoja kwenye maelekezo yako, uitajie mashine jina lililomo, basi. Nani alikufundisha hayo kama si mimi, kwenye meza ya jikoni? Miaka sita naandika programu hii. Leo mama anawaonyesha majirani ukurasa wa Linux yenu wenye jina lako, eti mtunzaji wa programu yangu, na mimi kila akinipigia simu ananiuliza nitapata lini kazi ya maana. Inaniuma, bwana.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Natumaini u mzima. Mstari niliuongeza siku ile ile, mambo yakaenda. Jumatano ukabadilisha faili: namba ile ile, folda jina jipya. Nikarekebisha. Jana umebadilisha tena. Wenzangu wanauliza kama mwandishi ana ugomvi na sisi.

Unanionea wivu? Sema tu. Mimi nakuonea wivu tangu utotoni: wewe unatunga, mimi nafunga vya wenzangu.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu wa pekee,

Hujambo, na wenzako hawajambo? Waambie ugomvi haukuwa nao.

Ndiyo, ni wivu. Mara ya kwanza nilipitiwa. Hizo mbili nilifanya makusudi, nikakaa kitini nikisubiri ushindwe, na nilifurahi. Naona haya hata kuandika. Leo nimetoa faili lenye namba mpya, folda inalingana nayo, na silishiki tena. Nisamehe. Nijibu hata neno moja.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Sijambo, na mama anakusalimu. Faili lako liliwahi, likafungashwa mara moja, na programu yako imo. Hongera.

Ila si mimi niliyeifungasha. Jumanne, kabla ya barua yako, nilimwachia mwenzangu utunzaji, na jina langu limeondolewa kwenye ukurasa. Mama ameuliza, nimemwambia kazi zimenizidi. Nimekusamehe, lakini kurudi siwezi.

Mwenzangu ni mpole, na hajui kama sisi ni ndugu. Akikuandikia, mjibu vizuri.

Mdogo wako