Ruhusa ya Tano

Ng'ambo, Tabora
Jumatatu, 11 Machi 1985

Kaka Shaban,

Shikamoo. Nyumbani tumeamka salama. Mama amepaua jiko kwa mabati sita uliyotuma, mvua haimlowanishi tena. Mimi ndiye sijalala vizuri tangu Jumatano.

Ile diski ya programu ambayo kampuni yenu iliiuzia ofisi yetu ina ruhusa tano za kuingizwa kwenye mashine: moja ya kompyuta kubwa, nne za mezani. Niliingiza kubwa na mbili za mezani. Ya tatu ikiwa katikati, umeme ukakatika. Uliporudi nikaanza upya, ikakubali. Ya nne ikakataa, eti ruhusa zimekwisha. Kumbe diski ilihesabu hata ile iliyokatika.

Meneja akaniambia mbele ya watu, "Swaumu, mashine zinazofanya kazi ni nne, ruhusa tano. Moja umemuuzia nani?" Mimi, niliyeanza hapa kwa kufagia, nikajifunza kupiga taipu wenzangu wakila!

Asubuhi ile, kabla sijaanza, nilikupigia simu kwamba jenereta haina dizeli, nikakuuliza kama ningoje. Ukasema, "Ingiza tu, mdogo wangu, bosi wangu anataka kazi iishe leo." Hilo sijalitaja, maana una watoto watatu na kazi moja.

Ijumaa saa tatu wananihoji. Barua hii itakufikia Jumatano, na telegramu yenu huchukua siku moja. Kampuni yenu iandike kwamba diski huhesabu hivyo. Telegramu isipofika, nitataja jina lako.

Mama sijamwambia. Kila mgeni anaonyeshwa mabati yako.

Mdogo wako,
Swaumu