Reli Niliyoikata Vipande Vitano

Jumatatu, 3 Februari 1902. Ngao.
Nimebandika mataruma, vile vijiti vya kulalia reli, mpaka Tsavo. Gundi imekwisha. Mguu wauma. Miezi mitatu sasa naijenga reli hii ndogo ya mbao, mfano wa ile ya kweli, kutoka Mombasa hadi daraja la Tsavo, yote juu ya ubao mmoja. Ni kwa ajili ya Mama. Mwanawe Komora amezikwa Tsavo, kando ya reli tuliyoijenga sisi wawili. Nataka aone ndugu yangu alipolala.

Jumanne, 4 Februari
Nimemwonyesha. Kosa kubwa. Alisimama penye Mombasa, akapima kwa shubiri. Moja, mbili, tatu, kafika Tsavo, penye tuta dogo nililoliweka kuwa kaburi. Akauliza kwa nini sikumbeba mwanawe kumleta nyumbani, na ni hapa na hapo tu. Nikamweleza maili. Maili kwake ni neno la Wazungu. Akatoka. Nina hasira na nina aibu, sijui kipi kimezidi.

Jumatano, 5 Februari
Hasemi nami. Mjomba Jilo amefika kutoka Golbanti, habari anazo zote. Aliyemtupa nduguye porini, asema, hafai kukaa na mama yake. Jumamosi atamchukua Mama, akaishi kwake moja kwa moja. Sikumtupa! Homa ilimuua, nikamzika kwa mikono yangu, asubuhi yake msimamizi wa reli akatusukuma mbele na kazi. Nani atanisikia? Kijiji kizima kimeuona ule ubao.

Alhamisi, 6 Februari
Nilikwenda kwa mtumbwi kutafuta ukindu wa kusukia mikeka. Pondo la kusukumia mtumbwi mkononi, kichwa kimejaa. Kila mzingo wa mto wauficha unaofuata. Hapa kwetu ukiuliza mahali ni mbali kiasi gani, utaambiwa mizingo mingapi. Mama amehesabu hivyo maisha yake yote. Mjinga mimi. Nimempa safari nzima aione kwa mtupo mmoja wa jicho.

Ijumaa, 7 Februari
Nilishika msumeno. Nikakata. Vipande vitano: Mombasa, Mazeras, Taru, Voi, Tsavo. Nimevitawanya nyuma ya nyumba, kila kimoja na ukuta wake wa mkeka. Ukiwa kwenye kimoja huoni kingine. Taru nimejaza miiba mitupu. Kilima cha Mazeras kimepasuka, nimekiacha hivyo hivyo. Naogopa hatakuja.

Jumamosi, 8 Februari
Mjomba alikwisha kuingia mtumbwini. Nilimpigia Mama magoti mbele ya watu. Akaja, uso mkavu. Mombasa aliipita upesi. Mazeras alikishika kilima. Taru alisimama, akatafuta kwa macho, akauliza maji yako wapi. Nikamwambia hakuna, tulikuwa tukiletewa kwa gari la moshi, na siku nyingine halikuja. Akaketi chini. Sikumharakisha.

Tsavo alifika amechoka. Akalitazama lile tuta dogo, muda mrefu.

“Usiku ule alipokufa, wewe ulilala wapi?”

“Hapa, Mama. Ubavuni mwake.”

Tangu nirudi hakuna aliyeniuliza hilo. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Akaniacha nilie. Kisha akapaza sauti kuelekea mtoni, akamwambia mjomba aende zake.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani, kisha nyumbani. Joto. Mama ameketi nyuma ya nyumba, karibu na Tsavo, anasuka mkeka. Nimempelekea kigoda. Nikaketi kumchambulia ukindu.