Mji Nilioupiga Deki Bila Kuutazama

Bruseli, 16 Septemba 2012

Mdogo wangu Perpétue,

Salamu nyingi kwako na kwa binti yako Héritière. Mimi mzima, isipokuwa macho. Daktari amesema bila kuzunguka: mwaka mmoja, labda na nusu, nitakuwa kipofu. Siku ya kwanza nililia. Ya pili nikapika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, nikala nikashiba.

Miaka kumi na minane nimepiga deki ofisi za mji huu, nikaona sakafu tu. Watu wanatoka Japani kuja kuutazama, mimi naupita na ndoo! Basi kila Jumapili baada ya misa nitatembea mtaa mmoja, niuweke kichwani kabla macho hayajafunga.

Na wewe una kazi yako. Umetimiza miaka mitano huko Amerika. Omba uraia, upate pasipoti, uje nikuone uso. Unajua desturi yetu: dada mkubwa, yaya, ndiye humlaki mgeni njiani na kumtua mzigo. Sitatuma mtu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunalia tu mpaka salio linakwisha.

Yaya yako, Ernestine

Brooklyn Park, 21 Oktoba 2012

Yaya mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Huku tuko salama, baridi imeanza kubisha hodi. Barua yako niliisoma garini, Héritière akinipeleka kazini Shakopee. Nilifika ghalani macho mekundu, msimamizi akadhani nina mafua.

Nimeshaomba. Kuna maswali mia moja, ya marais na katiba. Héritière ananiuliza njia nzima, namjibu Kiswahili, naye anapiga kelele, "Mama, in English!" Mahojiano ni Januari. Mwambie huyo daktari wako asubiri. Na usitembee tu, niandikie unachokiona.

Mdogo wako, Perpétue

Bruseli, 9 Desemba 2012

Mdogo wangu,

Hamjambo? Natumaini theluji haijawafukia. Jicho la kushoto limeingia ukungu, la kulia bado askari.

Nimeona uwanja wa Grand-Place. Majumba yamepakwa dhahabu, na mvua yote hii! Nyuma kidogo kuna sanamu ya kitoto kinachokojoa hadharani, watu wanakipiga picha. Mama angekichapa. Wanasema kina mamia ya nguo kabatini, lakini siku ile kilikuwa uchi kwenye baridi.

Nimeona pia Jumba la Sheria, limezungushiwa vyuma vya mafundi hadi vyenyewe vimeshika kutu. Hapo kuna lifti ya kioo inayokushusha mtaa wa Marolles, ambako wanatandaza uwanjani vitu vya marehemu: vijiko, viatu, hata picha za harusi. Hizo picha zilinichoma. Mtu alipendwa, leo yuko kwenye boksi la ndizi. Mimi uso wako wa utu uzima sijauona ila kwenye simu. Njoo.

Kisha nikarudi kwetu Matonge, mtaa wa sisi Wakongo, ambako wauza samaki wakavu bado wananisemesha Kilingala na mimi bado nawajibu Kiswahili.

Yaya yako mkaidi, Ernestine

Brooklyn Park, 14 Aprili 2013

Yaya,

Nisamehe. Afya ipo, uso wa kukuandikia ndio sina. Barua zako tatu zipo mezani na sijajibu hata moja.

Januari nilikwenda kwenye mahojiano. Bwana anayehoji alinisimamisha, akaniambia ninyooshe mkono niape kusema kweli tupu. Nikaapa. Kisha akauliza nimezaliwa lini. Unajua karatasi zangu zote zinasema Januari mosi, kama za nusu ya kambi ya wakimbizi. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya Mungu, yaya. Nikasema ile aliyotuambia mama: tisa Juni. Akatazama faili, akanitazama mimi, akauliza ipi ni ya uongo. Kiingereza chote kikanikimbia. Amesema nirudi Juni na maelezo.

Garini Héritière akasema, "Mama, why? Ungesema tu January first." Macho yako yanakwisha, na mimi napoteza miezi kwa ajili ya tarehe.

Mdogo wako, Perpétue

Bruseli, 28 Aprili 2013

Perpétue,

Salamu baadaye, sikiliza kwanza. Hukukosa. Rudi umwambie ilivyokuwa: kambini hakuna aliyekuwa na cheti, karani aliuliza mwaka tu, akaandika Januari mosi foleni nzima. Hiyo nayo ni kweli.

Ndani ya bahasha kuna ushahidi wangu. Nimeuandika siku tatu kwa jicho moja: kwamba nilikuwa na miaka kumi, wiki ya kuvuna maharage, nikashika taa mama alipojifungua, na padri akaandika tisa Juni 1970. Manispaa wamegonga muhuri kwenye sahihi yangu. Karani aliniuliza nina hakika gani. Nikamjibu, niliona kwa macho haya haya.

Héritière atafute mtafsiri. Sasa salamu kwenu nyote.

Yaya yako, Ernestine

Brooklyn Park, 20 Oktoba 2013

Yaya wangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kuliko siku zote. Pasipoti ninayo mkononi! Imebaki na Januari yake, lakini yule bwana alisoma ushahidi wako mara mbili, akasema ameelewa. Likizo nimepewa Juni mwakani. Nitashuka stesheni ya Gare Centrale tarehe tisa, saa nne asubuhi.

Yaya, bado unaona?

Mdogo wako, Nabintu, kama mama alivyoniita nyumbani

Bruseli, 18 Mei 2014

Mdogo wangu Nabintu,

Nakusalimu sana. Swali lako nimelikalia majira yote ya baridi. La, sioni, tangu Februari. Usishangae mistari kupanda na kushuka, naandika kwa kufuata ukingo wa rula.

Lakini mji ninao. Nikitoka nyumbani, harufu ya samaki inaishia Porte de Namur. Nanyoosha hadi fimbo iguse reli za tramu pale Place Royale, kisha nashuka ngazi za Mont des Arts nikizihesabu, na saa ya ukutani inapiga kengele. Chini yake kidogo ndiyo stesheni. Nimekwenda peke yangu mara kumi na moja. Mara moja nilipotea, mara moja nilianguka. Hizo tisa nilifika.

Nitakutembeza Grand-Place na Marolles, wewe utaniambia kama kile kitoto kimevishwa nguo. Siku hiyo simama mlango mkubwa, utaje jina lako la nyumbani kwa sauti. Sanduku usimpe mtu. Ulipofika mara ya kwanza nilishika taa. Mara hii nitashika mzigo.

Yaya yako, Ernestine